Picha za nyumba zenye sura ya modeli ya mkono: maswali ninayoulizwa Kigoma

Ofisi yangu ni chumba kimoja pale Mwanga, Kigoma. Kina meza mbili, kompyuta moja yenye nguvu za kutosha, na boksi la sabuni lililojaa njiti za kiberiti, manila na mabaki ya kadibodi. Natengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, na siku hizi nyingi nazifanya zionekane kama modeli: kanyumba ka karatasi na vijiti kamewekwa mezani, taa pembeni. Wateja huuliza, na vijana wanaojifunza huuliza zaidi. Majibu ninayorudia kila wiki ni haya.

Kwani hii ni modeli kweli au ni picha tu?

Ni picha. Hakuna karatasi iliyokatwa wala gundi iliyomwagika. Kila unachokiona kimechorwa ndani ya programu, kikawekewa taa na kamera za humo humo, kisha kompyuta ikakokotoa mwanga unavyodunda mpaka picha ikatokea. Hatua hiyo ya mwisho tunaiita kurenda, na picha yenyewe ni renda.

Nalitanguliza hili kwa sababu limeshanitia aibu. Mzee mmoja wa Ujiji nilimtumia kwenye simu picha ya nyumba yake ya vyumba vinne. Kesho yake asubuhi akaja na mjukuu wake, na khanga mkononi ya kufungia. "Mwanangu, nimefuata ile nyumba. Nataka niiweke juu ya kabati." Nikamwonyesha kompyuta. Akatazama skrini, akatazama meza, akainama kidogo akachungulia chini ya meza. Tangu siku ile kila picha naiandika pembeni: picha ya kompyuta.

Kwa nini usinipe ile picha ya kawaida, bati linang'aa na gari limeegeshwa?

Ukiitaka nitakutengenezea, na zipo kazi inazofaa: unauza nyumba, au unamtumia ndugu yako aliye mbali anayechangia ujenzi. Ila kwa mtu ambaye bado anaamua, picha ile humpeleka macho kusikofaa. Mama mmoja wa Gungu alinikatalia ramani nzima kwa sababu ya vigae vya barazani. Vile vigae nilikuwa nimevichukua tu kwenye kompyuta, havimo kwenye makadirio, wala dukani sijui kama vipo. Tukabishana vigae nusu saa. Wiki iliyofuata nikamletea ramani ile ile, safari hii nyumba ni ya karatasi nyeupe na paa nimelivua nimeliweka pembeni. Neno lake la kwanza: "Mbona kutoka jikoni kwenda stoo napita sebuleni mbele ya wageni?" Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Kosa lilikuwa langu na lilikuwepo tangu picha ya kwanza, ila vigae vililifunika.

Jambo lenyewe ni la zamani. Leon Battista Alberti, mbunifu majengo wa Italia wa karne ya 15, aliwaasa wenzake waonyeshe modeli za wazi, zisizopakwa rangi wala kurembwa, ili anayetazama alipime wazo la jengo, asibaki kusifia mkono wa fundi wa modeli.

Kigoma kuna sababu nyingine tena. Mji uko ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo kila mwenye kiwanja cha mlimani anataka baraza na madirisha makubwa yaelekee magharibi, alione ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Na jua la saa kumi linatoka huko huko. Kwenye picha inayong'aa, jua hilo ni pambo. Kwenye modeli nyeupe unaona wazi mwanga unaingia mpaka kwenye kochi, na mteja anauliza mwenyewe paa litokeze kiasi gani.

Siri yake ni nini? Nimepaka nyumba yangu yote nyeupe na bado haifanani na modeli.

Ulichotengeneza ni nyumba iliyopakwa chokaa. Hili ni kosa la kila anayeanza, na mimi nililifanya miezi mingi.

Modeli inapunguza nyumba, lakini haipunguzi vifaa. Ukikata nyumba ya mita 12 ukaifanya sentimita 12, karatasi inabaki na unene ule ule, mbao inabaki na nyuzi zake, tone la gundi linabaki tone. Jicho halihesabu, ila linalijua jambo hili tangu utotoni, tangu magari ya mabua na nyumba za maboksi. Likiona unene wa karatasi na mwanya wa wembe, linapima lenyewe: hiki kitu nakiweza kukishika.

Chukua paa la bati. Bati la kawaida la mawimbi lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Kwenye skeli ya 1:50, yaani nyumba imepunguzwa mara 50, hiyo ni milimita moja na nusu. Sasa mtengeneza modeli afanye nini? Anachukua boksi, analowesha karatasi ya juu kidogo, anaibandua polepole, anabaki na yale mawimbi ya ndani. Mawimbi ya boksi la kawaida yana milimita 6 hadi 8. Ukiyarudisha kwenye nyumba halisi ni bati lenye migongo ya sentimita 30 hadi 40, ambalo halijawahi kuuzwa popote. Migongo miwili na nusu inaziba upana wa mlango! Na bado ukiiona hiyo picha moyo unasema, naam, modeli. Ukitumia bati la vipimo sahihi, modeli inakufa hapo hapo na unarudi kwenye nyumba ya chokaa.

Kwa hiyo kabla sijagusa kompyuta najiuliza: kitu hiki ningekitengeneza kwa nini hapa mezani? Nguzo ya baraza ni njiti ya kiberiti, ambayo ina unene wa milimita 2 hivi. Kwa 1:100 hiyo ni nguzo ya sentimita 20, inafaa. Nguzo nene zaidi ni kijiti cha mshikaki. Kioo cha dirisha ni nailoni ya kufunikia madaftari. Fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, ni ukanda wa manila. Tofali za kuchoma sizichori moja moja, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu atakayekata tofali elfu tatu za milimita nne. Natumia kadibodi ya kahawia, na labda mistari michache ya penseli kwenye kona moja.

Skeli ipi inafaa?

Nyumba moja ya kuishi, 1:50. Kiwanja chote pamoja na mteremko wake, 1:200. Hapo katikati, 1:100 inakubali karibu kila kitu.

Lakini usichague skeli kwa uzuri wa namba, ichague kwa unene wa ukuta. Ukuta wa tofali la inchi 6 ukishapigwa plasta pande zote mbili unakaribia sentimita 18. Kwa 1:50 hiyo ni milimita 3 na nusu, ambao ni unene wa boksi zuri. Kwa 1:100 ni chini kidogo ya milimita 2, yaani kadibodi ngumu ya kijivu, ile ya nyuma ya madaftari makubwa. Ukimwekea mtu boksi la milimita 5 kwenye skeli ya 1:100, umemjengea ukuta wa nusu mita, na vyumba vitaonekana kama vya gereza.

Kwenye programu nichore nyumba ya mita 12 au ya sentimita 12?

Sentimita 12. Ipunguze nyumba mpaka iwe ukubwa wa modeli yenyewe, iweke juu ya meza yenye ukubwa wa meza, washa taa yenye ukubwa wa taa. Ukifanya hivyo mambo mengi yanajipanga bila kubembelezwa: vivuli, ukungu wa lenzi, mwanga unaopenya kwenye karatasi.

Ukiiacha kubwa inabidi udanganye kila kitu kwa mkono. Taa lazima iwe kubwa mara 100, na namba ya tundu la lenzi (ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) uigawanye kwa 100, f/8 iwe f/0.08, namba ambayo hakuna lenzi ya duniani iliyo nayo. Inawezekana, ila utachoka.

Mtego mmoja kwa wanaotumia Blender, programu ninayochorea: kamera yake, kama hujaibadilisha, haioni kitu kilicho karibu nayo kuliko sentimita 10. Nilipoanza kuchora kwa vipimo vidogo nilisogeza kamera kwenye mlango, nusu ya baraza ikapotea kama imekatwa kwa msumeno. Nilifuta faili na kuanza upya mara mbili kabla ya kugundua ni mpangilio wa kamera tu. Shusha kile kikomo cha karibu mpaka milimita 1, yameisha.

Vivuli vyangu vinaonekana vikali mno. Nifanyeje?

Umetumia jua. Modeli haikai juani, inakaa chini ya taa.

Hesabu yenyewe ni tamu kidogo, nivumilie. Ukingo wa kivuli unakuwa na ukungu kulingana na ukubwa wa chanzo cha mwanga unavyoonekana kutoka pale kilipo kitu. Jua, likiwa huko mbali, linaonekana dogo sana, nusu digrii tu. Paa lililo mita 3 juu ya ardhi likitupa kivuli, ukungu wa ukingoni unakuwa karibu sentimita 3. Sasa njoo mezani. Balbu ya sentimita 6 iko sentimita 60 kutoka kwenye modeli ya 1:100, na paa liko sentimita 3 juu ya meza. Ukungu wa kivuli hapo ni milimita 3. Zizidishe mara mia: sentimita 30. Kwa kulinganisha na nyumba, kivuli cha mezani ni laini mara kumi kuliko cha jua. Jicho linalijua hilo bila kukokotoa.

Weka taa moja ya duara au ya mraba, ukubwa wa sentimita 6 hadi 15, upande ambao jua la jioni lingetokea. Rangi yake iwe ya balbu ya njano, kati ya kelvini 2700 na 3000. Upande wa pili weka mwanga hafifu wa dirishani, wa baridi kidogo. Kwa mwanga wa kuzunguka usitumie picha ya anga. Tumia picha ya nyuzi 360 ya ndani ya chumba. Tovuti ya Poly Haven wanazitoa bure, unapakua na kutumia hata kwa kazi ya kulipwa.

Vipi ukungu wa nyuma, ule wa kufanya kitu kionekane kidogo?

Upo, lakini watu wanaumwaga kama chumvi.

Lenzi ikisogelea kitu, sehemu inayoonekana kali inapungua. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/8, kamera ikiwa nusu mita kutoka kwenye modeli, inakupa takriban sentimita 5 tu zilizo kali. Modeli yako ina sentimita 12, kwa hiyo ukilenga kona ya mbele, kona ya nyuma itafifia. Lenzi hiyo hiyo mbele ya nyumba halisi, ukisimama mita 50, inaona kila kitu kikali mpaka mlimani. Ndiyo maana ukungu kidogo unaliambia jicho kwamba kitu ni kidogo.

Lakini kumbuka anayepiga picha modeli ya kweli anapambana na ukungu huo. Anafunga tundu la lenzi mpaka f/16, anaweka kamera kwenye stendi, anaomba nyumba yote ionekane. Ukiachia f/1.4 unapata picha ya mlango mkali na nyumba iliyoyeyuka. Mimi naanza na f/11 na mara chache nashuka chini ya f/8.

Karatasi yangu inaonekana kama plastiki.

Sababu zipo tatu, na mara nyingi zote zinakuwepo kwa pamoja.

Kwanza umeipa weupe wa asilimia mia. Hakuna karatasi inayorudisha mwanga wote, weka 0.8, yaani asilimia 80, au chini kidogo, na manila iwe na unjano kwa mbali. Karatasi mbili zisifanane kabisa: ukuta mmoja 0.80, mwingine 0.77. Pili, kona zako ni kali kama wembe. Zilainishe kwa sehemu ndogo ya milimita, 0.1 au 0.2, zishike mwanga kidogo. Tatu, karatasi nyembamba hupitisha mwanga. Changanya kidogo ule uwezo wa kupenyeza, labda sehemu moja kwa tano, halafu weka taa nyuma ya ukuta uone. Ukuta unapata joto fulani ambalo plasta haina.

Wanaotumia Blender kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2023 watakuta nyeupe zao zimekuwa kijivu. Rangi inapitishwa kwenye mfumo mpya unaoitwa AgX, ambao unabana sehemu zenye mwanga mwingi. Usiongeze weupe wa karatasi kwa sababu hiyo. Ongeza mwangaza wa kamera.

Na yule msafisha chembe wa ndani ya programu (denoiser), anayefanya renda ya haraka ionekane safi, anapenda sana kulamba nyuzi za karatasi. Unalala umeweka umbile zuri la kadibodi, unaamka umekuta sabuni. Mwongezee sampuli, yaani mara ambazo kompyuta inakokotoa mwanga wa kila nukta, kabla hajapita, na mpe picha za rangi na za mielekeo ya nyuso azitumie kama mwongozo.

Niweke makosa gani ili ionekane ya mkono?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kuweka kila kosa wanalolijua.

Siku moja chukua wembe ukate dirisha kwenye manila. Angalia kona. Wembe umepita mstari kidogo, nusu milimita, kila kona ina mkia mdogo kama alama ya jumlisha isiyokamilika. Geuza karatasi: ukingo wa juu uko safi, wa nyuma umenyanyuka kidogo kwa sababu wembe umesukuma nyuzi. Simamisha kuta mbili zikutane: mmoja unaonyesha ubavu wake, yaani unene wa karatasi, na mwingine unaishia pale. Ukichora kona ambayo hakuna ubavu unaoonekana, umechora zege. Kwenye boksi ubavu huo unaonyesha mawimbi ya ndani, na ni alama yenye nguvu kuliko zote nilizowahi kutumia. Mwanya kati ya kuta mbili uwe milimita 0.2 au 0.3, na usilingane juu na chini. Pale ilipopita gundi pana mng'ao mwembamba. Karatasi yenyewe haing'ai. Mstari wa penseli umebaki karibu na lenta kwa sababu fundi alisahau kuufuta.

Halafu zungusha vitu kidogo. Nguzo sita za baraza zisimame zote wima na picha inakuwa ya kiwanda. Moja iinamishe nusu digrii, nyingine digrii moja. Zaidi ya hapo fundi anaonekana mlevi.

Alama za vidole, vumbi, gundi iliyochuruzika, karatasi iliyokunjika: chagua kimoja kwa picha moja. Modeli ya kweli inayopelekwa kwa mteja imetengenezwa na mtu aliyejitahidi, na kujitahidi nako kuonekane. Na tafadhali, mkasi, penseli na rula pembeni ya nyumba visikae kwenye kila picha. Tumeshaelewa.

Miti natengenezaje? Michikichi je?

Mti wa kawaida ni kipande cha dodoki kwenye kijiti. Dodoki lina matundu na nyuzi zinazopitisha mwanga vizuri, na linachorwa kirahisi kwenye programu kwa kutawanya vinyuzi ndani ya umbo la duara. Mwembe mpe dodoki pana, zito, linalokaribia chini.

Mchikichi ni kazi nyingine, na Kigoma huwezi kuukwepa; kiwanja kisicho na michikichi hata miwili mteja anadhani umempa cha Dodoma. Mimi nafanya kama ningekuwa na mkasi: ukanda wa karatasi ya kijani iliyofifia, unachanwa pande zote mbili kama kitana, unakunjwa kidogo katikati, vinane hadi kumi vinabanwa juu ya kijiti kilichozungushiwa uzi. Kwenye picha jicho linaona karatasi na linaona mchikichi kwa wakati mmoja.

Watu weka wachache, wa manila bapa, wasio na sura. Urefu wa milimita 17 kwa 1:100.

Kiwanja changu kiko mlimani. Mteremko utaonekana?

Utaonekana kuliko kwenye picha ya kawaida. Tunapanga matabaka: kila mstari wa kontua, unaopita sehemu zenye kimo kimoja, ni kadibodi moja iliyokatwa na kulazwa juu ya nyingine. Kwa 1:200, kadibodi ya milimita 2 ni kimo cha sentimita 40 ardhini. Kiwanja kinachoshuka mita 4 kina matabaka kumi, unayahesabu kwa kidole, na hapo mtu anaelewa kwa nini fundi anazungumzia msingi mrefu upande wa chini na ngazi ngapi zitatoka barazani. Nina mteja aliyehamisha nyumba nzima mita 6 kwenda juu baada ya kuyahesabu. Nilifurahi, ingawa nilichora upya.

Kwa mlima mzima nachukua vipimo vya mwinuko vya SRTM, vilivyopimwa kwa chombo cha anga za juu cha Marekani mwaka 2000, nachora kontua kwa programu ya ramani ya QGIS. Vyote ni bure. Lakini nukta zake ziko umbali wa mita 30 hivi, kwa hiyo kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 havikusaidii kitu. Hapo inabidi mpimaji aende na kifaa chake, au wewe na mimi twende na mpira wa maji wa kupimia usawa na kamba.

Modeli ina mwisho, usisahau. Kata ardhi wima pande nne, matabaka yaonekane ubavuni, chini yake plaiwudi ya milimita 12, kisha meza. Ukiifanya ardhi ipotelee kwenye upeo wa macho, umetoka kwenye modeli bila kujua.

Na ziwa?

Kadibodi tupu, ya rangi tofauti kidogo na ardhi. Ukiwa na haja sana, nailoni moja juu yake. Mawimbi usiweke.

Wengine wananiomba Liemba iwepo bandarini. Meli hiyo ina urefu wa mita 71 hivi, kwa 1:500 ni sentimita 14 za karatasi, inapendeza. Na kama kuna meli inayostahili kuwa modeli ni hiyo: ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye makasha mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni kwenye reli iliyofika hapa mwaka 1914, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915.

Programu gani na kompyuta gani?

Blender, kwa sababu ni bure na ina mtambo wa kurenda unaoitwa Cycles, unaofuatilia mwanga ukidunda kama ulivyo. Nyumba unaweza kuichora kwanza SketchUp au ArchiCAD ukaileta. Kompyuta yenye kadi ya picha nzuri inamaliza kwa dakika. Laptopu ya kawaida inaweza kukesha na picha moja. Umeme ukikatika katikati unaanza mwanzo, kwa hiyo kama huna yupiesi, renda picha ndogo za majaribio mchana na ile kubwa usiku ukiwa umeomba dua.

Si siku hizi akili mnemba inafanya hivi kwa sekunde?

Inakupa modeli nzuri ya nyumba ya mtu mwingine. Nilijaribu kwa ramani ya madirisha sita. Ikaniletea nane na mlango wa nyuma ukahamia ubavuni. Kwa kutafuta rangi na hali ya mwanga naitumia. Kwa nyumba ambayo mtu atanunua tofali, hapana.

Naweza kuombea kibali cha ujenzi kwa picha hii?

Hapana. Kibali kinaombwa kwa michoro yenye vipimo: ramani ya sakafu, mikato, mionekano, nyumba ilivyokaa kiwanjani. Na mimi ni mtengeneza picha. Mbunifu majengo ni mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, nami nafanya kazi chini ya michoro yake. Picha humsaidia mteja kuielewa michoro hiyo kabla hajaisaini.

Nataka kujifunza. Nianzie wapi?

Wembe. Zima kompyuta, tengeneza modeli moja ya kweli ya chumba kimoja na baraza kwa 1:50: boksi, manila, njiti, gundi ya maji. Itakuchukua siku mbili na itakuwa mbaya. Iweke chini ya taa usiku, ipige picha kwa simu kutoka pande nne. Hizo picha nne ndizo utakazoweka pembeni ya skrini utakapoanza kuchora, ukilinganisha ukingo kwa ukingo, kivuli kwa kivuli. Vijana watatu wamepita ofisini kwangu kujifunza; aliyekataa kushika wembe bado anatengeneza nyumba za chokaa, nzuri, zinazong'aa.

Nikutumie nini ili uanze kazi yangu?

Ramani, hata kama ni picha ya simu, mradi vipimo vinasomeka. Vipimo vya kiwanja na upande unaoshuka. Picha tatu nne za kiwanja zilizopigwa saa kumi jioni, ukisimama pale utakapoweka baraza, na moja kati ya hizo ukiwa umelipa ziwa mgongo. Niambie pia mti gani hutaki ukatwe.

Na kama na wewe unataka ya kuweka juu ya kabati, sema mapema. Ya kweli natengeneza, ila ni kazi nyingine na bei nyingine, na inabidi uje na khanga.